Antivirusi isiyoifanya kompyuta iwe nzito: pima kwanza, ndipo uchague

Upepo wa Dodoma unapoanza kuvuma katikati ya mwaka na vumbi kuingia hadi kwenye kikombe cha chai, ndipo ninapoletewa kompyuta nyingi zenye shtaka moja: "Fundi, antivirusi imeniulia mashine." Kuna siku shtaka ni la kweli. Siku nyingi antivirusi inasingiziwa, na aliyeiondoa kwa hasira anarudi baada ya wiki mbili na flashi iliyojaa shotikati (alama tupu za njia ya mkato) badala ya barua zake.

Kuna mama mmoja ana steshenari mitaa ya Sabasaba. Siku aliyoniita nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, maana wateja watano walikuwa wamemsimamia, kila mmoja na flashi mkononi. "Mwanangu, hii kitu nikiiwasha naweza kuinjika maharage yakaiva." Nikafungua stopuwochi ya simu. Toka kubonyeza kitufe hadi Word kufunguka: dakika tisa na ushee. Chini kulia, pembeni ya saa, kulikuwa na alama tatu za antivirusi. Ya kwanza ilikuja na kompyuta na muda wake wa majaribio ulikwisha zamani. Ya pili aliwekewa na mpwa wake. Ya tatu iliingia pamoja na programu ya kubadilisha PDF, kwa kuwa mtu alibonyeza "Next" mfululizo bila kusoma. Zote tatu zilikuwa zinarusha ujumbe kwa zamu: nunua, lipia tena, uko hatarini.

Virusi sikukuta hata kimoja. Nilichokuta ni walinzi watatu kwenye geti moja. Antivirusi haingoji uiambie ikague. Kila faili linapofunguliwa, linaponakiliwa au kuandikwa upya, inalishika kwanza, inalilinganisha na alama za virusi inazozijua, inatazama linataka kufanya nini, ndipo inaliachia. Mlinzi mmoja akimsachi mgeni, foleni inasogea. Wakiwa watatu, kila mmoja anamsachi mgeni na kumsachi mwenzake pia.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Unaweza kuufuata mwenyewe nyumbani, kwa jioni moja na nusu ya siku inayofuata kwa kila antivirusi utakayoijaribu.

Hatua ya 1: Mtafute mlaji halisi

Washa kompyuta, iache dakika tano itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Likiwa dogo, bonyeza "More details". Utaona safu za CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk (diski). Bonyeza kichwa cha safu ya Disk ili walaji wakubwa wapande juu, halafu fanya hivyo kwa safu nyingine mbili. Microsoft Defender, antivirusi inayokuja ndani ya Windows, hujitokeza pale kwa jina la Antimalware Service Executable. Nyingine hutumia majina ya kampuni zao.

Antivirusi ikila sana dakika chache baada ya kuwasha kisha ikashuka, hiyo ni kawaida. Ikibaki juu saa nzima wakati wewe umekaa tu, hapo una kesi. Lakini kama Disk imegota kwenye asilimia 100 muda wote, nenda "Performance", bonyeza Disk 0, na kwenye Windows za karibuni utaona pameandikwa SSD au HDD. HDD ni ile yenye sahani inayozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa chake cha kusomea kinahama kwa mwendo wa kimashine toka faili hadi faili. Kazi ya antivirusi ndiyo hiyo hasa: kufungua mafaili madogo madogo kwa maelfu. Kwa hiyo programu ile ile inayolemea mashine ya HDD, kwenye SSD, isiyo na sahani wala kichwa cha kuhama, huisikii. Ukija kwangu na pesa ya leseni huku una HDD, nitakushauri uongeze kidogo ununue SSD, na leseni isubiri. Nimepoteza biashara ya leseni kwa maneno hayo, lakini wateja hawajaniacha.

Memory ikizidi asilimia 80 kwenye mashine ya GB 4, tazama brauza kabla ya kulaumu antivirusi. Tabu kumi na tano za YouTube na WhatsApp Web zina uzito wake.

Kisha kuna vumbi letu. Hili watu wa miji mingine hawalitilii maanani, ila hapa ni nusu ya kesi zangu. Vumbi jekundu linajikusanya kwenye mapezi ya kupozea hadi linakuwa kama blanketi la sufi, hewa haipiti, na prosesa ikipata joto kali inapunguza mwendo wake yenyewe isije ikaungua. Antivirusi inapoanza kuskani, joto linapanda, mwendo unashuka, na wewe unasema antivirusi ndiyo nzito. Kwenye Task Manager, sehemu ya CPU, linganisha "Speed" na "Base speed" wakati kazi imepamba moto. Kama ya kwanza imeshuka chini sana ya ya pili huku feni inalia kama mashine ya kusaga, ipeleke kwa fundi aifungue na kuipuliza. Ukipuliza mwenyewe kwa blawa, zima kwanza, chomoa umeme, na uishike feni kwa njiti ya meno isizunguke. Ikizungushwa na upepo mkali inaweza kuharibika.

Hatua ya 2: Bakiza moja

Fungua Settings, nenda Apps, pitia orodha yote. Kila antivirusi iliyozidi moja, iondoe, na uanze na iliyokwisha muda. Hiyo mara nyingi haipokei tena taarifa za virusi vipya, lakini inaendelea kukaa kwenye RAM na kukudai pesa. Kuna zinazokataa kutoka, au zinatoka na kuacha mabaki. Kampuni kubwa kama Norton, McAfee, Avast, ESET na Kaspersky zina kifaa maalumu cha kuziondoa, na ukipakue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si kwingine. Zima na uwashe baada ya kila moja.

Ukiweka antivirusi ya kampuni nyingine, Defender hujiweka pembeni yenyewe. Ukiiondoa, Defender inarudi. Kwa hiyo usiogope kubaki mtupu.

Yule mama tulimwondolea zote tatu. Kuwaka ikawa dakika mbili na nusu, na diski yake ilikuwa HDD ile ile.

Hatua ya 3: Ipe Defender nafasi ya kwanza

Haina malipo, imo ndani ya Windows 10 na 11, haikurushii matangazo ya kuuza VPN (huduma ya kuficha anwani yako mtandaoni). Fungua Windows Security, kisha "Virus & threat protection", halafu "Manage settings". Hakikisha "Real-time protection", "Cloud-delivered protection" na "Tamper Protection" zimewashwa. Hiyo ya mwisho inazuia programu nyingine kuizima Defender kisirisiri.

Ina udhaifu wake. Katika vipimo vya wepesi vinavyofanywa na AV-Comparatives, mara kadhaa imewekwa nyuma ya ESET, McAfee na Kaspersky. Na nguvu yake kubwa iko mtandaoni: mashine ikikosa intaneti, uwezo wake wa kutambua virusi hupungua kuliko wa washindani wake kadhaa. Hili ni muhimu kwa mwalimu wa kijijini Kongwa au Mpwapwa ambaye laptopu yake inaona intaneti mara moja kwa wiki na flashi kila siku. Mtu wa namna hiyo ana sababu nzuri ya kutafuta nyingine. Mtu wa Area C mwenye Wi-Fi nyumbani mara nyingi hana.

Hapo hapo tazama Windows yako ni ya ngapi. Windows 10 iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Mtumiaji wa nyumbani anaweza kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza ya marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua hapa, zile za ofisi za Ulaya na Dubai, zina prosesa za Intel za kizazi cha nne hadi cha saba, na Windows 11 inadai rasmi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa hiyo wengi tumekwama kwenye 10. Antivirusi nzuri juu ya Windows isiyorekebishwa ni kufuli jipya kwenye mlango uliooza bawaba. Mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia dunia nzima mwezi Mei kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake mwezi Machi. Walioumia ni waliokuwa hawajaweka kiraka.

Kama kompyuta ni ya ofisi, iwe ya wizara kule Mji wa Serikali Mtumba au ya halmashauri, hatua hizi si zako, hata ile ya 2. Muone afisa TEHAMA wako. Usiweke wala kuondoa kitu kwa uamuzi wako.

Hatua ya 4: Ukitaka nyingine, soma vipimo kwa jicho la Dodoma

Maabara mbili ndizo ninazoziangalia: AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Matokeo yao yako wazi na hayalipiwi. AV-TEST hutoa alama hadi 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa kutokusumbua, jumla 18. Watu husoma jumla. Wewe tafuta alama ya wepesi peke yake, ukishahakikisha ya ulinzi haijashuka. AV-Comparatives wao hutoa namba ya mzigo. Ndogo ndiyo nzuri.

Sasa jicho la Dodoma. AV-Comparatives wanasema wanapima kwenye kompyuta ya hali ya chini. Hiyo ya hali ya chini yao ni Core i3 yenye RAM ya GB 8 na SSD. Ukiipeleka steshenari yoyote ya karibu na UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, hiyo ndiyo itakuwa ya bosi. Kwa hiyo tofauti ndogo wanayoiona wao, kwenye GB 4 na HDD inakua. Orodha yao inakusaidia kupunguza wagombea wabaki wawili watatu. Mshindi utampata kwenye meza yako.

Wagombea wenyewe, kwa ufupi. ESET ni nyepesi na ya kulipia, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mashine dhaifu zisizo na intaneti ya uhakika. Kaspersky nayo ni nyepesi na inakamata vizuri. Ni ya Urusi, na Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2024 kwa hoja za usalama wa taifa, kwa hiyo uamuzi ni wako. Bitdefender inakamata sana, ila kwenye RAM ndogo huwa naisita. Avast na AVG ni za nyumba moja tangu 2016, usihangaike kuzilinganisha. Za bure zinaendeshwa na matangazo, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti wanazotembelea watumiaji wake. Smadav ya Indonesia inapendwa sana na wenye kushughulika na flashi kwa kuwa ni ndogo, na watengenezaji wake wenyewe wanaitangaza kama ulinzi wa ziada. Usiifanye ya pekee.

Za kraki, yaani za kulipia zilizovunjwa leseni, sizishauri, na si suala la uadilifu tu. Maelekezo ya kraki karibu zote huanza na "zima antivirusi kwanza". Kuzima mlinzi ili mgeni aingie na mlinzi mpya mgongoni, hapo jibu unalo.

Unaposakinisha chagua "Custom", si "Express". Toa alama ya tiki kwenye VPN, kisafishaji, kiongeza kasi, brauza mpya na kitu chochote kinachoitwa "booster". Hivyo ndivyo vinavyokula mashine kuliko ulinzi wenyewe. Unachohitaji ni ulinzi wa mafaili, ulinzi wa tovuti, na kukagua flashi.

Hatua ya 5: Pima kwa stopuwochi

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, nami nitakaa hapa kidogo.

Chukua karatasi, chora safu nne. Ya kwanza andika kazi. Ya pili "Defender". Ya tatu na ya nne majina ya wagombea. Kazi ziwe tatu, na ziwe zako. Yule mama tulimchagulia hizi: kuwasha hadi Word ifunguke, kunakili folda ya picha za pasipoti, mafaili kama elfu moja, toka Documents kwenda Desktop, na kufungua faili lake kubwa kuliko yote, kitabu cha hesabu cha Excel cha kikundi cha vikoba. Mwanafunzi atachagua tasnifu yake na programu ya takwimu. Mpiga picha atachagua folda ya harusi. Mafaili madogo mengi yanapima antivirusi kuliko faili moja kubwa la sinema, kwa sababu ukaguzi unafanyika kwa kila faili.

Kila kazi ifanye mara tatu. Kwa kunakili na kufungua faili, tupa jibu la kwanza: Windows hukumbuka iliyosoma muda mfupi uliopita, hivyo mara ya kwanza huwa ndefu na haifanani na nyingine. Chukua wastani wa mbili zilizobaki. Kwa kuwasha, tumia zote tatu, na mfumo uwe unaanza upya kabisa. Tumia "Restart", kwa kuwa "Shut down" ya Windows za siku hizi huacha sehemu ya mfumo imelala ili iwahi kuwaka, na itakudanganya.

Anza na Defender, andika. Kisha sakinisha mgombea wa kwanza, na usipime siku hiyo. Antivirusi mpya hukagua diski nzima na kujiwekea kumbukumbu ya mafaili iliyokwisha kuyaona kuwa salama ili isiyarudie. Siku ya kwanza zote ni nzito. Iache iskani usiku kama umeme unaruhusu, pima kesho yake kwa kazi zile zile na folda ile ile, kisha iondoe kabla ya kuweka ya pili. Leseni nyingi zina siku za majaribio, hasa thelathini, kwa hiyo usilipe chochote kabla ya karatasi kujaa.

Tofauti ikiwa chini ya sehemu moja ya kumi, huwezi kuihisi kwa mikono. Chagua yenye ulinzi bora au bei nafuu. Ikizidi robo, utaichukia kabla mwezi haujaisha na siku moja utaizima "kwa muda", na huo muda ndio virusi wanaousubiri.

Usijaribu kupima bila antivirusi kabisa ili "uone mashine halisi" huku umechomeka intaneti au flashi ya mtu.

Hatua ya 6: Irekebishe iendane na siku yako

Ukaguzi wa ratiba ndio unaogandisha kompyuta saa mbili asubuhi, foleni ikiwa mlangoni. Kwenye antivirusi za kulipia tafuta "Scheduled scan", uhamishie saa saba mchana. Kwa Defender, kawaida ukaguzi husubiri mashine itulie na hujiwekea kikomo cha asilimia 50 ya CPU. Kwa mashine dhaifu nakishusha: fungua PowerShell kama msimamizi ("Run as administrator"), andika

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

kisha Enter. Ukaguzi utachukua muda mrefu zaidi, ila kazi itaendelea.

Watu wengine hutatua uzito kwa kuiambia antivirusi isiangalie folda fulani. Folda ya miradi ya video, sawa. Downloads na herufi ya flashi, kamwe. Hizo ndizo geti lenyewe.

Kwa wenye kutumia bando la simu: Windows ikiona muunganisho wa kuhesabiwa ("metered connection") inaweza kuchelewesha masasisho ya virusi. Mara moja kwa wiki unganisha penye Wi-Fi, fungua Windows Security, bonyeza "Check for updates" kwenye "Protection updates". Antivirusi yenye taarifa za miezi mitatu iliyopita inabeba mzigo wa bure.

Flashi ya mteja usiifungue kwa kubonyeza mara mbili. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya alama yake, chagua "Scan with Microsoft Defender" au jina la antivirusi yako. Ukikuta mafaili yamegeuka shotikati, usiiformati: mara nyingi yamefichwa tu. Baada ya kuskani, fungua Command Prompt na, kama flashi ni E, andika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Nimeona kijana amekaa sakafuni nje ya steshenari akilia kwa ajili ya ripoti ya mafunzo kwa vitendo, nayo ilikuwa humo humo muda wote. Wenye steshenari mjue pia kwamba kwenye kompyuta zenu kumejaa vitambulisho vya taifa (vya NIDA) na vyeti vya watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Futeni kazi ya mteja akishaondoka.

Mwisho wa yote, hakikisha mlinzi yu macho. Kuna maandishi ya majaribio yanayoitwa EICAR, herufi 68 tu, yasiyo na madhara yoyote. Antivirusi zote zinazojulikana zimekubaliana kuyachukulia kama kirusi. Yapakue kwenye tovuti ya EICAR. Antivirusi yako ikinyamaza, rudi hatua ya 2.

Karatasi ya vipimo niliibandika ubavuni mwa kompyuta ya yule mama kwa gundi ya karatasi. Juzi akanipigia. "Mwanangu, kuwaka imefika dakika nne, hiyo antivirusi yako vipi?" Nikamuuliza mara ya mwisho kupuliza vumbi ilikuwa lini. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nije na blawa.